Aliuambia Mlango

Mama mkwe wangu hakuwahi kuniita kwa jina, wala kwa cheo, wala kwa "wewe". Miaka yote niliyoishi na binti yake, maneno aliyotaka niyasikie aliyaambia vitu. Aliliambia jiko, akaliambia beseni, akamwambia kuku anayepita. Mimi nimekaa pale pale uani na gazeti langu, yeye anainama juu ya kinu na kusema, "We kinu, hivi watu wenye mishahara huwa wanatafuta kuni siku gani?" Basi nikajua kuni zimekwisha.

Kwetu Wagogo hiyo ilikuwa heshima ya ukwe. Vijana wengi wameiacha sasa, lakini sisi tulikulia ndani yake. Mama mkwe na mkwewe hawali sahani moja, hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja. Zaidi ya yote, mama mkwe haingii chumba ambacho mkwewe amelala. Wazee walikuwa wakitania kwamba hata nyumba ikiungua, mama mkwe ataanza kwa kuita kutoka nje. Tulicheka sana utani huo.

Nami nilimjibu kwa njia hiyo hiyo. "Beseni, mwambie mgeni wetu kuni zinakuja Jumamosi." Mke wangu, aliyekuwa katikati yetu, alicheka hadi akashika mbavu. Mwenye duka wa jirani, Mwislamu mmoja aliyehamia Hombolo kutoka mjini, aliwahi kutukuta katika mazungumzo hayo. Akaniambia, "Karani, siku hilo beseni likikujibu, niite. Nitafunga duka nije kusikiliza."

Aliishi jirani, na salamu yake ya asubuhi alipofika kwetu aliitoa kwa ua mzima. "Mbukwenyi!" alisema, akiangalia mbuzi, na kwa kuwa ni salamu ya watu wengi, nami nilikuwemo. Niliitikia nikiangalia paa.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mguu mmoja uliopinda kidogo kwenye goti, na hakupenda kuulizwa habari za mguu huo. Alitembea kwa kasi kuliko sisi wenye miguu iliyonyooka. Alikuwa na shamba dogo la zabibu upande wa bwawa, na aliwauzia watengeneza mvinyo, ingawa mvinyo wenyewe aliuita maji ya kupotezea watu. Nilipomuuliza, kupitia kwa mbuzi, kwa nini basi anawauzia, alimjibu mbuzi: "Mimi nauza zabibu. Wanachozifanyia nyumbani kwao, wataulizwa wao." Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, lakini kiunoni mwa kila mjukuu alifunga uzi mweusi, na mchungaji akipita alimshushia mtoto nguo chini zaidi.

Kitu kimoja kilinikera bila sababu ya maana. Alikuwa na redio ndogo aliyoivika kitenge kama mtoto. Kila jioni alibishana na mtangazaji. "Wewe, unadanganya!" alimwambia. "Wewe, mvua hiyo imenyesha wapi?" Mtangazaji wa mbali, asiyemjua, aliitwa "wewe". Mimi niliyemwoa binti yake nilisubiri zamu yangu kwenye beseni.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama mkwe alihamia kwetu kumlea mzazi. Alikuja na redio, kibuyu cha maziwa ya mgando, na ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa chini ya kwapa. Hapo ndipo tulipoanza kupambana juu ya mahali pa kulala mtoto.

Yeye alizaliwa na kuzalia ndani ya tembe, ile nyumba ya zamani ya Kigogo yenye paa bapa la udongo. Humo, mzazi na mtoto hukaa chumba cha ndani kabisa, chenye giza, na baba hulala chumba cha mbele mpaka mtoto apate nguvu. Mimi nilikuwa na nyumba ya bati. Nilikuwa na kitanda kikubwa chenye godoro nene, na sebuleni nilikuwa na kochi refu la kitambaa chekundu, la kwanza katika mtaa wetu. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na nilikuwa karani wa serikali. Sikuona kwa nini mwanangu aanzie maisha juu ya ngozi ya ng'ombe.

Vita ya kwanza ilikuwa ya moto. Alitaka makaa yawake usiku kucha chumbani kwa mtoto, madirisha yakiwa yamefungwa, maana baridi ya kwetu mwezi wa saba inauma. Nilikataa. Nilimwambia mke wangu kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta kwamba moshi wa makaa unaua. Nesi wa zahanati aliniunga mkono. Mama mkwe aliliambia jiko, "Haya, toka. Umefukuzwa na wenye shule." Akalitoa mwenyewe.

Vita ya pili ilikuwa ya chandarua. Alikichukia. Alisema ni sanda iliyotundikwa, na kwamba mtoto akifumbua macho ndani yake atadhani bado hajazaliwa. Nilikifunga kwa mikono yangu. Mtoto wa jirani alipougua malaria na wetu akabaki mzima, mama mkwe alikishika kile chandarua kwenye pindo, akakiambia, "Kumbe una kazi." Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kushindwa. Hakuwa na kinyongo.

Nilikuwa sahihi mara mbili, na kule kuwa sahihi mara mbili kulinipumbaza. Toka hapo niliamini kwamba kila jambo tutakalotofautiana juu ya mtoto, mjinga atakuwa yeye.

Kumbe lile la tatu ndilo alilolijua. Alikuwa na msemo mmoja aliourudia huku akimpaka mtoto mafuta: "Ambaye shingo haijakaza halali juu ya kinachopumua." Maana yake ilikuwa kwamba mtoto mchanga asilale juu ya mtu, wala katikati ya watu, wala kwenye kitu laini kinachozama. Alimtengenezea kitanda chake kidogo cha miti, akakiwamba ile ngozi hadi ikawa ngumu kama ngoma, akakiweka ubavuni mwa kitanda cha mama yake, ndani ya chandarua hicho hicho. Mtoto alilazwa chali, bila mto. Mama mkwe alimtazama kwa kupeleka mgongo wa kiganja chake kwenye shingo ya mtoto, nyuma, chini ya kisogo. Akikuta joto la kawaida, alinong'ona, "Yupo."

Mke wangu alinieleza kwamba mama yake aliwahi kuona mtoto akifia katikati ya wazazi waliochoka kwa kazi ya mavuno. Sikuuliza ni wa nani. Nilisema mambo ya tembe yabaki kwenye tembe.

Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu. Mwanangu alikuwa na mahali pake pa kulala, alikuwa na mama yake, alikuwa na bibi wa kumpima shingo. Mimi nilikuwa na nini? Nilitoka kazini nikakuta amelala, nikaondoka asubuhi amelala. Nikimchukua analia. Kisha nikagundua kwamba nikijinyoosha kwenye kochi na kumlaza kifuani, kifudifudi, sikio lake likiwa juu ya moyo wangu, ananyamaza. Hakuna mtu aliyeweza kumnyamazisha upesi namna ile, hata mama mkwe. Nilijisikia baba.

"Mlango," alisema mama mkwe mara ya kwanza aliponiona hivyo, akiwa nje, "mtoto ana kwake."

"Mlango," nilijibu, "mwambie hapa napo ni kwake."

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, siku za joto lile linalokausha hata mate, nilikwenda kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa mfanyakazi mwenzangu. Nilikunywa mvinyo wa zabibu, nikala, nikarudi mchana nikiwa mzito. Maji ya bomba yalikuwa yametoka baada ya kukosekana kwa siku nyingi, na mke wangu alikuwa anakimbilia foleni na ndoo zake. Mtoto alikuwa analia. "Akinyamaza mlaze kitandani kwake," aliniambia mke wangu, akaondoka.

Nilimlaza kifuani. Akanyamaza.

Mama mkwe alikuwa uani anapeta mtama. Nilisikia ungo ukisimama. Kisha sauti yake ikaja karibu na mlango wa sebule, ambao ulikuwa umerudishwa tu kwa ajili ya vumbi.

"Mlango, mwambie mwenye nyumba kwamba amekunywa."

"Mlango," nilisema, "mwambie mgeni kwamba sherehe zipo kwa ajili hiyo."

"Mlango, mwambie amlaze mtoto kwake, ndipo naye alale."

"Mlango," nilisema, na nilikuwa nacheka, "mwambie shule nilikwenda mimi, siyo yeye."

Nakumbuka nilivyofurahia jibu hilo. Nakumbuka uzito wa kichwa cha mwanangu chini ya kidevu changu, na harufu ya mafuta aliyompaka bibi yake. Baadaye nilisikia tena sauti, kama ya mtu anayeongea ng'ambo ya bwawa. "Mlango, mwambie ainuke. Mlango, mwambie ainuke." Nilisikia. Sikuwa nimelala kiasi cha kutosikia. Nilidhani ni ule ubishi wetu wa siku zote, nikageukia upande wa ndani wa kochi ili nipate usingizi vizuri.

Kilichoniamsha ni ndoo ya maji kudondoka. Mke wangu alikuwa amesimama juu yangu. Mwanangu alikuwa kati ya mbavu zangu na mgongo wa lile kochi jekundu, na uso wake ulikuwa umezama kwenye kitambaa.

Hata wakati ule mama mkwe hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono kichwani, mpaka wanaume walipokuja kunitoa nje kwa kunishika makwapa. Nilipotolewa ndipo alipoingia. Kupitia dirishani nilimwona akipeleka mgongo wa kiganja kwenye shingo ya mtoto. Aliuacha hapo muda mrefu. Hakusema neno lile.

Watu walisema amefia usingizini, ni kazi ya Mungu. Mke wangu hakuwasahihisha, mama mkwe hakuwasahihisha, nami niliwaacha waseme. Waliniletea pole, wakanishika mkono, nikapokea.

Toka siku hiyo vitu vyote nyumbani kwangu vilinyamaza. Jiko halikuambiwa neno, beseni halikuambiwa neno. Mama mkwe alikuja, akapika, akafua, akaondoka, na nikiwa karibu alikuwa kama mtu aliyekatwa ulimi. Hata ile "Mbukwenyi" ya asubuhi aliitoa kabla sijatoka ndani. Nilitamani anitukane. Mara moja niliacha kuni ziishe kwa makusudi, nikakaa uani na gazeti nikisubiri aseme na kinu. Nilisoma ukurasa ule ule mpaka jua likapanda. Alichukua panga na kamba, akaenda porini mwenyewe na mguu wake ule, akarudi na mzigo kichwani, akautua mbele yangu. Hakusema na mtu wala kitu. Niliingia ndani nikalia na gazeti mdomoni.

Kochi lile nililichoma. Majirani walishangaa, maana lilikuwa zima.

Mungu alitupa binti baadaye. Mke wangu alilala naye chumbani, mtoto kwenye kile kitanda cha ngozi, nami nikahamia chumba cha mbele bila kuambiwa. Sikumbeba binti yangu mpaka alipoanza kutembea. Nilikuwa nikimtazama kutoka mlangoni, na akilia naita mtu. Mimi na mke wangu hatukuzungumza habari ya Jumapili ile. Tulizungumza mvua, ada, ugonjwa wake ulipokuja. Alipofariki, mimi na mama mkwe tulisimama pande mbili za kaburi, na udongo wa kwetu, ambao huwa mgumu hata kwa sururu, ulikuwa unaruka vumbi kati yetu.

Mwaka huu binti yangu amejifungua. Anaishi Nzuguni, vyumba viwili vya kupanga, na mume wake ni dereva wa lori ambaye wiki nyingi yuko njiani. Bibi yake alikuwa ameshahamia kwake, maana macho yamekwisha na shamba la zabibu limeuzwa. Nilikwenda kumwona mjukuu nikiwa na kuku na mfuko wa karanga.

Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, karibu na mlango, kitenge begani. Nilisimama. "Shikamoo," nilisema, nikiangalia bati. Aligeuza uso upande mwingine. Basi nikatua kuku na karanga, nikaingia.

Binti yangu alikuwa amechoka mpaka ngozi ya uso imekuwa ya kijivu. Mtoto alikuwa analia mikononi mwake. Kitanda kidogo kilikuwepo, kizuri, cha kununua, lakini kilikuwa kimejaa mito, dubu wa manyoya na blanketi nene, na mtoto hakuwa ndani yake.

"Hakai humo, Baba. Nikimlaza tu analia. Usiku nalala naye kifuani hapo kwenye kochi, la sivyo hatulali wote. Bibi ananikataza, lakini hasemi kwa nini." Alinisukumia mtoto. "Hebu jinyooshe naye hapo kidogo. Wanasema vifua vya wanaume vina joto. Nami nijilaze."

Kochi lao ni la rangi ya kahawia. Lilikuwa laini, limebonyea katikati.

Sikupokea. Mikono yangu ilikataa kutoka mifukoni.

"Baba?"

"Siwezi," nilisema.

"Huwezi nini? Kumshika?" Alinitazama, na nikaona jambo la miaka mingi likimpanda kooni. "Mama alisema hata mimi hukunibeba. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa wa kike. Huyu ni wa kiume, Baba. Naye humtaki?"

Nilifungua mdomo. Niliona kwamba nikimwambia, hatanitazama tena. Niliona kwamba nisipomwambia, usiku atajinyoosha pale na mtoto kifuani. Mtoto alilia. Mimi nilikuwa nimesimama kama ng'ombe aliyefika mlango wa machinjio.

"Mlango," ilisema sauti kutoka nje.

Sikuwa nimeisikia sauti hiyo ikisema na kitu tangu ujana wangu. Nilingoja. Haikuendelea. Nikasikia kigoda kikiburuzwa, na mkono ukipapasa ukuta. Mama mkwe aliushika mlango kwa viganja vyote viwili, akausukuma, akavuka kizingiti na kuingia ndani ya chumba nilichokuwemo. Alipapasa mpaka akalifikia kochi, akakaa katikati yake, penye bonde, akanyoosha miguu ili pasibaki nafasi ya mtu kulala. Kisha akaelekeza macho yake yasiyoona mahali niliposimama.

"Wewe," alisema.

Nikakaa chini, sakafuni.

"Wewe, mwambie mwanao. Sema lako, nami nitasema langu."

Nikasema. Nilimwambia binti yangu habari ya mvinyo, kochi jekundu, na kaka yake, ambaye yeye binti alikuwa ameambiwa tu kwamba alifariki usingizini. Nilimwambia kwamba niliambiwa niinuke, na nilisikia. Sauti yangu haikuwa ya mzee, ilikuwa kama ya mbuzi. Nilipomaliza, mama mkwe alisema lake, taratibu, kama anahesabu nyuzi.

"Nilisikia pumzi ya mtoto inabadilika. Nilikuwa nje ya mlango, na ungo mkononi. Niliuambia mlango. Ulikuwa umerudishwa tu, haukuwa na komeo. Ningeusukuma kwa kidole. Niliogopa aibu ya kumkuta mkwe wangu amelala. Kwa hiyo niliuambia tena." Akamgeukia mjukuu wake. "Nyie mlisema nimemkasirikia. Ningemkasirikia kwa mdomo upi?"

Binti yangu alimkumbatia mtoto kwa nguvu mno, akarudi nyuma mbali na sisi wawili, akaingia chumbani kwake na kufunga. Tulisikia funguo. Mtoto alilia, akalia, kisha kilio kikashuka, na tukasikia hatua za binti yangu zikizunguka huku na huku.

Kisha akauliza kutoka ndani, na alikuwa analia yeye sasa. "Sasa alale wapi? Mniambie basi. Alale wapi?"

Mama mkwe alinigeuzia uso. Alikuwa ananingoja mimi.

"Kitandani kwake," niliuambia mlango. "Toa mito yote. Mtoe na yule dubu. Kisogeze kitanda kiguse chako. Mlaze chali, mwanangu. Atalia kidogo. Mwache mkono wako tumboni mwake mpaka azoee."

Tulisikia mito ikianguka sakafuni, mmoja mmoja. Tulisikia miguu ya kitanda ikikwaruza saruji. Mtoto alilia tena, na binti yangu akaanza kumwimbia kwa sauti iliyokatika. Mlango haukufunguliwa. Sijui kama utafunguliwa kwangu siku nyingine, na sina haki ya kuudai.

Nilibaki sakafuni, mama mkwe akabaki kwenye kochi, tukiwa ndani ya chumba kimoja kinyume na yote tuliyofundishwa, nyuso zetu zikielekea mlango ule. Kilio kilikwisha. Alinyoosha shingo.

"Wewe," alininong'oneza, "unasikia?"

Nilizuia pumzi yangu nisikie ya mtoto.

"Nasikia, mama," nilisema. "Yupo."